Punda Akifa, Mzigo wa Kesho Utabebwa na Nani?

Saa hizi wengi wenu mnajitayarisha kwenda kazini. Mmoja anapiga viatu rangi, mwingine yuko kituoni akingojea gari, na mwingine ndiyo kwanza anarudi nyumbani, kwa maana yeye ni bawabu na amekesha usiku kucha. Wako pia wale ambao hawakuajiriwa bali wameajiri wenzao: mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye shamba la chai, mwenye gereji, na mama aliyemwandika msichana wa kumsaidia kazi za nyumbani. Neno la leo ni letu sote, lakini hasa ni la hao walioajiri.

Tunao msemo wetu mmoja unaojulikana sana: Punda afe, mzigo wa tajiri ufike. Watu huusema kwa kicheko, na wengine huuandika hata nyuma ya magari. Maana yake ni kwamba kitu cha thamani ni mzigo. Mbebaji si kitu. Nami nataka tuulize swali moja tu. Punda akifa leo, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Biashara si safari ya siku moja. Mwenye biashara anataka mzigo ufike leo, na kesho, na mwaka ujao, na hata wakati watoto wake watakapoishika kazi hiyo.

Kwa hiyo ninalotaka kuwaonyesha ni hili: furaha ya mfanyakazi si anasa. Si zawadi ya Krismasi ambayo tajiri huitoa akiwa amekwisha kuhesabu faida yake. Furaha hiyo ni moja ya mizizi ambayo faida humea juu yake. Na mbele za Mungu ni zaidi ya faida, maana imefungamana na haki.

Mfalme aliyekataa kusikia

Mkipata nafasi, fungueni Biblia zenu katika 1 Wafalme, mlango wa 12. Mfalme Sulemani amekufa. Alijenga hekalu na majumba makubwa, na ulimwengu ulimsifu. Lakini twasoma katika mlango wa 5 kwamba aliwatoza watu shokoa, yaani kazi ya lazima. Watu 30,000 waliandikwa, wakapelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Wengine walichonga mawe milimani, na wengine wakabeba mizigo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hekalu lilipendeza, lakini mabega yaliyolibeba yalikuwa yamechoka.

Sasa mwanawe Rehoboamu amekwenda Shekemu kutawazwa. Watu wakamjia na ombi moja. Hawakukataa kazi, wala hawakudai kiti chake cha enzi. Walisema baba yake aliwatwika mzigo mzito; basi yeye aupunguze, nao watamtumikia. Mfalme akawaomba siku tatu afikiri.

Wazee waliomshauri baba yake walimwambia awe mtumishi wa watu siku ile na kuwajibu kwa maneno mema, nao wangekuwa watumishi wake siku zote. Vijana waliokua pamoja naye wakampa shauri jingine: awaambie kwamba mzigo utaongezwa, na kwamba wale waliopigwa kwa mijeledi sasa watapigwa kwa nge. Rehoboamu akapenda shauri la vijana. Aliona kwamba akiwasikiliza watu ataonekana mnyonge.

Ndugu zangu, mwajua yaliyofuata. Makabila kumi yakamwacha. Alipomtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, watu wakampiga kwa mawe hata akafa, na mfalme mwenyewe akapanda gari lake upesi akakimbilia Yerusalemu. Hebu fikirini hesabu hiyo. Aliogopa kupoteza kidogo, akapoteza sehemu kubwa ya ufalme, na wala haikurudi tena kwa nyumba yake.

Jambo kama hilo limetokea hata kwetu. Mwezi wa Januari mwaka 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi huko Mombasa. Walikuwa watu wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, na hata waliofanya kazi katika nyumba za watu. Bei za vitu zilikuwa zimepanda baada ya vita, mishahara ilikuwa midogo, na nyumba za kulala zilikuwa shida. Walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu. Karibu wiki mbili mji ule ulisimama. Baadaye ikawekwa baraza ya kuchunguza, na mishahara ikaongezwa. Yaani lile walilokuwa wakiliomba lilikuwa linawezekana tangu mwanzo. Lililokosekana ni sikio.

Hasara isiyoandikwa katika kitabu

Huenda tajiri mmoja akasema, "Mimi wafanyakazi wangu hawajagoma. Kila asubuhi wanafika." Sawa. Lakini mtu anaweza kufika kwa miguu na moyo wake usifike. Mikono huajiriwa kwa mshahara. Moyo haununuliwi. Na kazi inayofanywa bila moyo huleta hasara ambayo karani hawezi kuiandika katika kitabu cha hesabu.

Mhudumu wa hoteli aliyetukanwa jikoni humletea mgeni chai bila kumtazama usoni. Mgeni hulipa, huondoka, wala harudi tena. Na mwenye hoteli hatajua kwa nini. Fundi anayemwogopa mnyapara husikia mashine ikitoa sauti mbaya, akanyamaza, kwa maana aliyesema juma lililopita alikemewa. Mashine huvunjika. Kijana hodari aliyejifunza kazi kwa miaka mitatu huondoka kimya kimya akaenda kwa jirani, akachukua ujuzi wote kichwani mwake. Tajiri humwandika mwingine, akaanza kumfundisha upya. Hizo zote ni fedha, ndugu zangu, lakini hakuna stakabadhi yake.

Nawapeni mfano mmoja ulio na hesabu. Huko Detroit, Marekani, mwaka wa 1913, kiwanda cha magari cha Henry Ford kilianza kuunganisha magari kwa njia mpya. Gari lilipita mbele ya watu, na kila mtu alifanya kitu kimoja tu, kile kile, kutwa nzima. Magari yalitoka mengi, lakini watu walichoka mwili na roho, wakaacha kazi. Ili kuwa na watu wapatao 14,000 kiwandani, kampuni ililazimika kuandika watu zaidi ya 52,000 katika mwaka huo mmoja. Ilikuwa kama kuteka maji kwa pakacha.

Januari 1914 Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Kuacha kazi kukapungua sana. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba kulipa dola hizo 5 kulikuwa moja ya njia bora za kupunguza gharama alizowahi kutumia. Sikilizeni vizuri: kuongeza mshahara kulipunguza gharama.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Kabla ya kuzipata dola hizo, mfanyakazi alichunguzwa hata nyumbani kwake, anaishije na anatumiaje fedha zake. Na kazi yenyewe ilibaki ya kuchosha vile vile. Fedha ziliwafanya watu wakae, lakini kukaa si furaha. Mshahara wa haki ni mlango wa nyumba. Huwezi kuingia pasipo mlango, lakini mlango peke yake si nyumba.

Katika miaka ya karibuni watu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walifanya uchunguzi juu ya jambo hili. Kwa miezi sita waliwafuata wafanyakazi wapatao 1,800 wa kampuni ya simu iitwayo BT, watu ambao kazi yao ni kuongea na wateja kwa simu na kuwauzia huduma. Kila juma waliwauliza kama wana furaha au la. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2019. Ilionekana kwamba katika majuma ya furaha watu hao waliuza zaidi kwa asilimia 13 hivi. Wala hawakuongeza saa za kazi. Saa zilikuwa zile zile, lakini mazungumzo yao na wateja yalizaa zaidi. Mteja hamwoni mwuzaji kwa macho, lakini moyo wake anausikia katika sauti.

Shamba la Boazi

Basi furaha hiyo hutoka wapi? Wengine hudhani ni kuwapa watu soda na keki mwisho wa mwaka. Mimi nawaalika tuingie katika shamba moja la shayiri huko Bethlehemu. Someni Ruthu, mlango wa 2. Boazi alikuwa mtu mwenye mali, na wakati huo ulikuwa wa mavuno, wakati ambao tajiri hana nafasi ya mchezo. Mtazameni anavyofanya.

Kwanza, aliwasalimu watu wake. Alipofika shambani neno lake la kwanza halikuwa "Mbona mmechelewa?" Aliwaombea Bwana awe nao, nao wakamjibu kwa kumtakia baraka. Salamu haina gharama hata senti moja. Hata hivyo wako matajiri wanaopita mbele ya bawabu kila siku kwa miaka kumi, wala hawajui jina lake. Mtu anayeitwa kwa jina lake hujua kwamba yeye si jembe.

Pili, alijua ni nani aliyeko shambani. Alimwona mwanamke mgeni akiokota masazo, akamwuliza msimamizi habari zake. Tajiri anayeuliza ndiye anayejua kwamba fulani amefiwa, fulani mtoto wake yu hospitalini, fulani hutembea saa mbili kabla ya kufika kazini. Akijua hayo, hatasema upesi kwamba mtu huyo ni mvivu.

Tatu, alimlinda. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, maskini, na shamba lilikuwa limejaa vijana wanaume. Boazi aliwaagiza vijana wale wasimguse. Nataka neno hili lisikike vizuri. Wako wasichana katika viwanda vyetu, katika mashamba ya maua, katika ofisi na katika majumba, ambao kila asubuhi huenda kazini kwa hofu, si kwa sababu kazi ni ngumu, bali kwa sababu ya mtu fulani mwenye cheo. Hapo usizungumze habari za furaha mpaka umemwondoa mwovu huyo. Tajiri anayejua na kunyamaza amekwisha kuchagua upande.

Nne, aliwapa maji, chakula na kivuli. Ruthu alikaribishwa anywe katika vyombo vilivyotekwa na vijana, na wakati wa kula Boazi mwenyewe alimpa bisi, akala akashiba hata akabakiza. Palikuwa na mahali pa kupumzika. Je, wafanyakazi wako wana mahali pa kukaa wanapokula? Wana choo kilicho safi? Mkristo asione aibu kusema habari za choo. Ni habari za heshima ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Tena, juu ya hayo yote, mshahara na ulipwe kwa wakati. Torati yaagiza katika Kumbukumbu la Torati 24:14-15 kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, maana moyo wake unautazamia. Naye Yakobo, katika 5:4, asema ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kilio cha wavunaji humfikia Bwana wa majeshi. Siku hizi mshahara unaweza kutumwa kwa simu katika dakika moja. Basi tukichelewesha, tusisingizie njia ni mbali.

Furaha isiyoliza wengine

Liko onyo moja ambalo lazima tulisikie. Huko Birmingham, Uingereza, waliishi ndugu wa ukoo wa Cadbury, watengenezaji wa chokoleti. Walikuwa Wakristo wa kanisa la Marafiki, lile ambalo wamisionari wake kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Mwaka wa 1879 ndugu hao walikihamisha kiwanda chao kutoka katikati ya mji wakakipeleka mashambani, mahali palipoitwa Bournville. Wafanyakazi walipata hewa safi, bustani, viwanja vya michezo, mahali pa kulia chakula, na nyumba nzuri zikajengwa karibu. Biashara ilistawi, na watu walikuja kutoka mbali kuitazama.

Lakini kakao yao nyingi ilitoka katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, chini ya Wareno. Huko watu waliochukuliwa kutoka Angola walifanyishwa kazi kama watumwa, wala hawakurudishwa kwao. Habari hizo zilifika kwa Cadbury mwaka wa 1901. Walichunguza, wakatuma mjumbe, wakajaribu kuwasihi wenye serikali. Lakini waliendelea kununua mpaka mwaka wa 1909, ndipo wakaacha. Gazeti moja la London lilikuwa limewaandika kwa ukali, nao wakalishtaki. Mwishoni mwa mwaka huo wazee wa korti waliamua kwamba gazeti lilikosa, lakini fidia waliyowapa ilikuwa robo ya peni tu, sarafu ndogo kuliko zote.

Sisemi hayo ili kuwadharau watu waliofanya mema mengi. Nasema ili tujifunze. Mtu anaweza kupanda maua mbele ya kiwanda, na machozi yakawa nyuma, mahali wageni hawapiti. Makarani wa ofisini wana furaha. Je, vibarua wa kupakua mizigo? Walioandikwa kwa barua wana likizo. Je, wale wa kuitwa kwa siku? Furaha iliyonunuliwa kwa kilio cha mwingine, Mungu haiiti furaha.

Na wewe je, nyumbani kwako?

Labda umesikiliza mpaka hapa ukisema moyoni, "Hayo ni ya wenye viwanda. Mimi sina kampuni." Ngoja kidogo, mama. Ngoja, mzee wa kanisa. Ni nani aliyekupikia chai unayoinywa sasa? Aliamka saa ngapi? Jana alilala saa ngapi?

Katika nyumba nyingi za Wakristo yuko yaya au msichana wa kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na baada ya miezi 12 ya kazi apate likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mshahara kamili. Je, yeye huzipata? Jumapili twaja kanisani na watoto wamevaa vizuri, na aliyewavisha amebaki nyumbani akipika. Yeye naye ana roho. Kisha tukikuta mtoto wetu ana hofu na huzuni tusiyoielewa, twashangaa. Mtoto hulelewa na moyo wa yule anayemlea. Nyumba nayo ni kama biashara: amani ya mikono inayoitunza ndiyo amani yake.

Neno kwa wafanyakazi

Nanyi ndugu zangu mnaoajiriwa, msidhani nimewasahau. Mtume Paulo, katika Wakolosai 3:23, afundisha kwamba lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana na si kwa wanadamu. Hakuandika maneno hayo kwa watu wenye kazi nzuri. Aliwaandikia watumwa. Kwa hiyo iko furaha ambayo tajiri mbaya hawezi kuifuta, maana haikutoka kwake. Anayefagia hospitali hulinda maisha ya wagonjwa. Anayetia chai katika pakiti humpa mtu wa mbali asubuhi njema. Tazama yule atakayenufaika na kazi yako, nawe utaona kwamba humtumikii mnyapara peke yake.

Lakini wenye mali wasilichukue neno hilo na kuligeuza mjeledi. Paulo hakuishia hapo. Mstari wa 1 wa mlango wa 4 wawageukia mabwana na kuwaagiza watende haki na usawa, wakijua kwamba wao nao wanaye Bwana mbinguni. Kila tajiri ni mfanyakazi wa Mungu. Siku moja ataitwa atoe hesabu, wala hataulizwa mizigo mingapi ilifika tu. Ataulizwa pia habari za waliobeba.

Wapendwa, shauri la wazee wa Shekemu bado liko mbele yetu. Kabla ya jua kutua leo, wewe uliyeajiri, fanya jambo moja. Kama kuna mshahara uliouchelewesha, ulipe. Kama hujui jina la mtu anayekufungulia lango, muulize. Kama kuna ombi ulilolikataa bila kulisikia mpaka mwisho, mwite mwenye ombi umsikilize tena. Rehoboamu alikuwa na siku tatu. Wewe unayo leo.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyefanya kazi siku sita ukaona kazi yako ni njema, twakuja kwako na kazi zetu. Wasamehe wenye mali waliowahesabu watu kama vyombo. Wafungue masikio. Wafariji wanaokwenda kazini leo kwa hofu, uwape mtetezi. Wakumbuke wasio na kazi kabisa, uwafungulie njia. Tufundishe kubebeana mizigo, mpaka siku ile utakapotupumzisha sote, tajiri na kibarua, katika nyumba yako moja. Twaomba haya katika jina la Yesu, aliyekuwa seremala. Amina.